Mkate wa Saumu na Mshale Uliogeuka

Apeni kwanza. Semeni: nikilitoa neno hili nje, wali wangu uungue kila Ijumaa. Mmeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa hivyo hivyo mbele ya Bi Mwanaheri, na tangu hapo ninakula ukoko tu. Sogeeni.

Muheza, nyuma ya soko, walikuwapo wanawake watatu wenye vipaji. Mwantumu alikuwa na ulimi: akionja chai yako anakutajia vijiko vya sukari, na kama umegombana na mumeo. Mwalimu Naetwe, Mpare mstaafu, alikuwa na swali: ukimwambia unakwenda sokoni, anakuuliza, "Na ukikuta limefungwa?" Riziki, binti wa duka la kuchapa karatasi, alikuwa na mkono: alichokiona kwenye kompyuta asubuhi, jioni anakifanya.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Mwanaheri. Na Bi Mwanaheri alikuwa na nini? Alikuwa na binti wa mbali. Saumu aliolewa Maskati, mwaka wa saba huo. Alipiga simu Idi kwa Idi: mama hujambo, mimi sijambo, mtandao mbaya, basi. Mama mtu aliifunga simu kwenye kanga, kifuani, na akioga anaitundika msumarini aione. Msiniulize nimejuaje.

Saumu akashika mimba, na mimba ikachagua mkate wa kumimina wa mama, haitaki kingine.

"Mama, hamira kiasi gani?"

"Kiasi, mwanangu."

"Kiasi ndiyo ngapi?"

"Mpaka mkono ukwambie."

Mkono wa Saumu haukusema kitu. Mkate ukatoka bapa kama kandambili. Ndipo akatuma ujumbe wa sauti kwa simu ya Riziki, awasikilizishe wote watatu: "Nichoreeni, hatua kwa hatua. Mtoto ni wa kike. Atakayenipa mkate wa mama, mtoto atachukua jina lake. Mmoja tu, msiniletee orodha."

Jina! Mwantumu hakujaliwa mtoto. Naetwe alimzika wake wa pekee. Riziki alilelewa kwa shangazi, na hakuna aliyewahi kumwita jina lake bila kumtuma kitu.

Mwantumu akaketi jikoni na Bi Mwanaheri. Kila konzi iliyoelekea bakulini akaidaka na kikombe. "Shoga, unanipimia kama muuza duka!" "Nyamaza, mimina." Akaonja, akatema, akaonja tena, mpaka kile "kiasi" kikawa vikombe viwili vya mchele, kimoja na nusu cha tui, kijiko kimoja cha hamira. Bila ulimi ule, pasingekuwa na cha kuchora.

Naetwe akazichukua hatua akazihoji. "Rojo likishasubiri saa moja, atajuaje limeumuka?" "Ataona." "Na asipoona?" Akatia swali katikati: Je, limeumuka? Ndiyo, mimina kwenye sufuria. Hapana, ongeza hamira. Bila swali lile, ingekuwa karatasi ya kumtuma mtu sokoni.

Riziki akafungua programu ya kuchora chati, hajawahi kuigusa maishani. Maumbo yamepangwa kushoto. Unalivuta moja kwa kipanya, unaliweka ukurasani, unaandika ndani. Yai kwa mwanzo na mwisho, mstatili kwa kazi, almasi kwa swali. Siku ya kwanza kila akisogeza kisanduku, mishale inabaki nyuma inaning'inia kama nyuzi za nguo iliyochanika. Siku ya pili akagundua: ncha ya mshale uinatishe kwenye ukingo wa kisanduku, ndipo vinafuatana. Bila mkono ule, Saumu angeletewa maneno tena. Na Bi Mwanaheri, aliyeleta chai, alisimama nyuma ya kiti muda mrefu, akitazama.

Wakatuma. Saumu akapika, mkate ukawa mchungu kwa hamira. Akampigia mama simu, saa nzima! Akilia, akicheka, akiuliza nani kafa, nani kaolewa, mlimau wa uani bado unazaa? Jioni ile Bi Mwanaheri alikuja kwangu kurudisha kinu ambacho hakuwahi kukiazima. Uso unang'aa.

Wakairekebisha chati, wakatuma ya pili. Mkate haukukubali, simu ikaita. Ya tatu, vivyo hivyo. Riziki akaikagua chati: kijiko kimoja cha hamira kimekuwa nusu.

"Mwalimu, umegusa kazi yangu?"

"Mimi? Hata hicho kipanya nakiogopa."

"Basi ni Mwantumu, anataka tukosane jina libaki kwake."

"Mwangalie huyu!" akadakia Mwantumu. "Muulize Naetwe. Mtoto wa Maskati aitwe Naetwe, wamlishe na makande?"

"Afadhali makande kuliko umbea!"

Siku mbili hawakusalimiana. Riziki akarudisha kijiko kamili, akaiacha chati kwenye kompyuta usiku mmoja, akaituma ya nne bila kuitazama tena.

Ijumaa mchana tulikuwa kwa jirani, tunapepeta mchele wa harusi, watatu hao wamepeana migongo. Simu ya Riziki ikalia. Ilikuwa sauti ya Saumu, kwikwi tupu:

"Umekubali! Nilifuata mshale. Halijaumuka, ukanirudisha kusubiri. Halijaumuka, nikarudi tena. Mara nne! Kumbe huku chumba kina baridi ya kiyoyozi, lilitaka subira tu. Nani huyo? Jina lake nani?"

"Kusubiri?" Naetwe akasimama. "Mimi niliandika ongeza hamira."

Tukaongozana dukani, wanawake kumi na mmoja, nyungo mikononi. Mlango uko wazi. Bi Mwanaheri amekaa kwenye kiti cha Riziki, kanga imemteleza, ulimi nje kama mtoto anayeandika alifu ya kwanza, mkono kwenye kipanya. Ncha ya mshale wa Ndiyo ingali hewani: anauondoa kwenye "Mimina", anaupeleka "Subiri" kama alivyoupeleka ule wa Hapana, pasiwe na pa kutokea.

"Mama Saumu!"

Hakuutoa mkono. "Mkate ukimkubali," alisema, "nani atanipigia?"

Na pale pale, kifuani mwake, simu ikaanza kuita.

Haya, mlioapa. Mmoja alipima, mmoja aliuliza, mmoja alichora, na mmoja aliharibu mpaka ikatengenea. Saumu yuko hewani, anataka jina moja. Ungeipokea wewe simu ile, ungemtajia la nani?