Mchi wa Bi Mwatime na Kesi ya Ngwali

Paukwa!

Pakawa!

Basi nisikilizeni, nanyi mnipime kila ninenalo.

Katika zamani ambazo hata walionisimulia walisimuliwa tu, palikuwa na kijiji. Humo aliishi Ngwali, msuka mikeka. Ngwali alisikia sauti za watu wasioonekana, naye alizijibu waziwazi, njiani na shambani. Watu wakamwita kichaa. Kina mama walipomwona, waliwavuta watoto wao: "Njoo huku, atakuua!"

Siku moja mchungaji aitwaye Dadi alikutwa malishoni amezirai, mbavu zimevunjika. Kijiji kizima kikasema, "Ngwali!" Wakamkamata. Seremala Haji akachonga mkatale, gogo zito lenye matundu mawili, ili Ngwali abanwe miguu humo maisha yake yote.

Lakini kijiji kilikuwa na desturi. Hafungwi mtu kabla ya kusikilizwa na mwamuzi, na mwamuzi wa wakati huo alikuwa Bi Mwatime. Kila shahidi alishika mchi wa kutwangia. Aliyoyaona kwa macho yake aliyasema akiwa ameushika. Akifika kwenye ya kusikia au ya kudhani, sharti autue.

Haji akaushika.

"Bibi, Ngwali ndiye aliyempiga Dadi."

"Ulimwona?"

"Nani asiyejua, bibi? Vichaa hupiga."

"Nimeuliza macho, mwanangu. Ulimwona?"

Haji akautua mchi. Tu!

Akaja shemeji yake Dadi. "Mimi nimeambiwa na Haji." Tu!

Akaja mama mmoja. "Alinikodolea macho, bibi!"

"Kisha akakufanya nini?"

"Akapita zake, ila nilidhani atanipiga."

Tu! Na mwingine, tu! Na mwingine, tu! Ardhi ikabonyea.

Bi Mwatime akasema, "Sasa nabadili swali. Ni nani aliyeona kwa macho yake pigo lolote kati ya Ngwali na mtu mwingine, siku yoyote ile?"

Kisha Mwanashee, mfinyanzi, akaushika mchi.

"Mimi, bibi. Nilimwona Haji akimtupia Ngwali mawe kisimani. Ngwali alitoka damu, akauacha mtungi wake, akakimbia."

Watu wakasubiri mlio. Mchi haukutuliwa.

Akaja mzee mmoja. "Niliona vijana wakimchapa fimbo. Yeye hakurudisha." Mchi haukutuliwa. Mwishowe Haji mwenyewe akaurudia. "Ni kweli. Nilimtupia." Mchi haukutuliwa.

Bi Mwatime akamgeukia mshtakiwa. "Ngwali, mwanangu, hizo sauti hukuambia nini?"

"Hunitukana, bibi. Husema watu watanidhuru."

"Kwa hilo hazikukosea!" akaropoka mzee yule. Hakuna aliyecheka.

Bi Mwatime akatoa hukumu. "Aliyempiga Dadi simjui, nanyi hammjui. Maradhi ya Ngwali si ushahidi wa mkono wake. Kesho akimpiga mtu, mleteni, nitamhukumu kwa pigo hilo, kama ambavyo ningemhukumu yeyote kati yenu. Leo mwachieni. Na wewe Haji, ulipima miguu yake kabla hujaipima kesi yake. Pasua gogo lako, mchongee milango ya nyumba yake. Kwa niliyoyasikia hapa, anayehitaji kujilinda ni yeye."

Baadhi wakanung'unika kwamba bibi amezeeka, amemwachia mtu hatari. Lakini Ngwali aliachiwa, akarudi kwenye mikeka yake.

Siku zikapita. Dadi akazinduka. Neno lake la kwanza: "Mfungeni yule fahali wangu mwekundu! Karibu aniue!"

Kijiji kikamiminika kwa Bi Mwatime na vigelegele. "Bibi, ulijuaje? Ulijuaje kwamba ni fahali?"

"Sikujua," akasema Bi Mwatime. "Ndiyo maana sikumfunga mtu."

Basi wasikilizaji wangu, funzo ni hilo: msimhukumu mtu kwa maradhi yake, wala msiite ushahidi kile mnachokiogopa tu. Ngano yangu haina zaidi ya hapo. Nami ninautua mchi, kwa kuwa haya yote niliyasikia tu.