Chaneli ya Pili ya Bi Kindi

Hapo kale, enyi wajukuu, wanyama walipokuwa na nyumba, simu na majirani wabaya, aliishi Bi Kindi, mjane mwenye watoto wanne. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Mzee Tembo asimamishe mnara wa mtandao. Kindi aliwalisha wanawe kwa chaneli ya video aliyofundishia kusuka mikeka.

Tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, alikuta chaneli imefungwa.

Alikwenda kwa Tembo mbio, mkia umemsimama kwa hasira.

"Mzee, chaneli yangu i wapi?"

"Bwana Fisi ameshitaki kwamba unaiba video zake."

"Zake? Fisi hajui hata ukili wa mkeka unashikwa upande gani! Yeye ndiye aliyeziiba zangu!"

"Amelalamika mara tatu. Sheria ni sheria."

"Na mimi umeniuliza mara ngapi?"

Tembo akapunga masikio, pwa! pwa! Akafunga mlango.

Fisi alikuwa barazani akisikiliza. "Kha-kha-kha! Pole, mama wa mikeka. Sasa utawalisha wanao ukili?"

Kindi alisaga meno hadi nyumbani. Jirani yake, Bi Kanga, akamdaka uani.

"Shoga, si unayo ile nyingine ya mapishi? Nami nilivyokuwa nikikucheka! Mdomo mmoja, chaneli mbili za nini?"

"Za siku kama ya leo. Umeona kindi gani anayefukia mbegu zote katika shimo moja?"

Chaneli hiyo iliitwa Chungu Kimya. Haikuwa na sauti wala sura. Mikono miwili tu iliyojaa unga, ikipika. Aliyejua siri ni Kanga peke yake, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyamaza.

Haukupita mwezi, Fisi, baada ya kukosa mikeka ya kuiba, akaanza kuiba mapishi ya Chungu Kimya.

"Bado hajashiba!" Kindi alifoka. "Lakini mlafi huyu hukwapua tu, hatazami hata mwisho. Vema."

Asubuhi ya tarehe 17 Mei, siku ambayo Fisi angekabidhiwa ngao ya mpishi bora, Kindi alitoa video mpya ya kisamvu. Fisi akaidaka papo hapo, akaipachika jina lake, akaipeleka uwanjani.

Pazia kubwa jeupe likawaka. Nazi, mvuke, kisamvu! "Waa!" wanyama wakamaka.

"Mikono yangu hiyo!" Fisi akajigamba.

"Midogo hivyo?" Kanga akauliza.

"Kamera hupunguza, mjinga wewe!"

Dakika ya kumi mikono ikanawa unga. Kamera ikapanda. Uso wa Kindi ukalijaa pazia zima.

"Chungu Kimya ni mimi Kindi. Anayewaonyesha video hii kwa jina lake ni mwizi, na video zangu za mikeka aliziiba yeye!"

"Mwiziii!" uwanja mzima ukapiga kelele.

Fisi akaurukia waya auchomoe, akajikwaa, puu! Akatoka mbio, mkia ameufyata.

Tembo akakohoa. "Bi Kindi, chaneli ya mikeka nimeifungua sasa hivi. Basi hii ya pili ifunge."

"Siifungi. Na ya tatu naianzisha leo."

"Ya tatu ya nini tena?"

"Ya siku utakapomwamini mwongo mwingine, Mzee."

Tembo akainamisha mkonga.

Jueni basi, wajukuu: anayeishi kwa mlango mmoja huishi kwa hisani ya mwenye ufunguo.