Kwa Nini Mto Garsu Huzunguka Magofu

Nyinyi mnauona Mto Garsu umejikunja kama mkono uliobeba mtoto, mnadhani ulizaliwa hivyo. Haukuzaliwa hivyo. Zamani haukuwa na kona hata moja. Ulitoka milimani, ukalikata jangwa moja kwa moja, ukapita mbele ya mji mdogo wa Daribo na kwenda zake. Watu wa Daribo walilima ukingo wa kaskazini, kwa sababu kila mto ulipofura ulipanda mpaka mashambani mwao, ukaacha tope jeusi, ukarudi. Ng'ambo ya pili hakukuwa na mkazi. Kulikuwa na magofu tu: kuta za mawe za mji wa watu wa kale, milango isiyo na mbao, kisima kilichokauka, na mawe yaliyochongwa maua na nyota. Nani aliyajenga, hata wazee wa wazee wetu hawakujua.

Sifa za magofu hayo zilienda mbali pamoja na misafara ya ngamia, na watu wakaanza kuja. Walivuka jangwa lote lile kwa mambo mawili: kupanda mtumbwi, maana kwao hawajapata kuona maji yanayotembea, na kuyatazama magofu. Yote mawili yalipitia mikononi mwa mtu mmoja, Buya, mvushaji.

Buya alikuwa fundi wa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Maji aliyaelewa. Wageni ndio waliomshinda. Akiwaambia waje asubuhi, walikuja jua la utosi. Waliuliza kama mto una mamba, akawaambia wapo, kisha wakaning'iniza mikono majini. Walisimama katikati ya safari ili waone vizuri. Akimkalisha huyu, anainuka yule. Jioni alirudi nyumbani koo limemkauka kwa kusema neno lile lile, akaketi mlangoni bila hata kuvua kilemba, na mkewe, Hadulu, alijua asimsemeshe mpaka amalize uji wake.

Lakini kilichomchosha kabisa ni mawe. Hakuna mgeni aliyetoka Magofuni mikono mitupu. Huyu kafunga jiwe kwenye pindo la shuka, yule kalitia kifuani, mwingine kalificha ndani ya kiatu na kuchechemea mpaka ukingoni akidhani haonekani. Ukimwuliza, jibu ni moja: ni kijiwe kimoja tu. Mtumbwi ulikwenda mwepesi na kurudi mzito, na ulipofika katikati, penye mkondo mkali, maji yalianza kulamba ukingo wake. Hapo Buya alisimamisha upondo na kuwaambia wachague, mawe au roho zao. Walinung'unika, wakatupa. Kesho yake walikuja wengine na maneno yale yale, na mawe yakatupwa pale pale.

Alikwenda kulalamika kwa mkuu wa mji, Mzee Jilo. Mzee Jilo alikuwa mtu mpole aliyependa kusifiwa, na wageni walimsifu sana. Juu ya hayo walileta chumvi na nguo. Alimsikiliza Buya mpaka mwisho, akamwambia avumilie, kwani mawe yalikuwa mengi na hayangekwisha. Buya alirudi baadaye, akaambiwa hivyo hivyo. Aliporudi tena hakumaliza kusema. Aliona macho ya mzee yameshahamia kwenye msafara uliokuwa ukiingia mjini, akaondoka.

Miaka ikaenda. Aliyegundua kwanza kwamba mto una jambo ni Hadulu. Shamba lake la migomba lilikuwa chini kidogo ya kivuko, na mfereji wake, ambao zamani maji yake yalimfika magotini, sasa ulimlowesha nyayo tu. Alikwenda kutazama. Aliona mchanga umejikusanya katikati ya mto juu ya kitu kigumu, na maji yakijivuta upande wa kusini. Jioni akamweleza mumewe.

"Mama Maro," Buya alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "nimeshinda kutwa na watu wanaonifundisha mto. Na wewe pia?"

Hadulu alimtazama, akachukua bakuli lake, akaingia ndani. Hakulirudia neno hilo.

Ndipo akaja Bi Mahfudha, mwenye ngamia wengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita Daribo. Alikuwa mwanamke mchangamfu, kila kitu kilimfurahisha, na ndiyo sababu Buya alichoka naye haraka zaidi. Alishinda Magofuni, Mzee Jilo mwenyewe akimtembeza. Walipofika ukingoni ili warudi, nyuma yao walikuja vijana wa Daribo wamebeba, kwa kusaidiana, jiwe refu lililokuwa juu ya mlango mkubwa wa magofu, limechongwa nyota toka mwisho hadi mwisho.

Buya aliweka upondo chini. Akasema jiwe lile halipandi mtumbwini mwake.

"Ni ukumbusho tu, mwanangu," Bi Mahfudha alimwambia akicheka. "Nitaliweka juu ya mlango wangu, na wewe nitakukumbuka."

Buya akamgeukia Mzee Jilo. Mzee alitazama maji, akamtazama mgeni wake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usinitie aibu, Buya. Vusha. Tutazungumza kesho."

Buya alitaka kukataa. Lakini alikuwa ameshakataa mara nyingi mno, na siku hiyo hakuona tena faida ya kufungua kinywa. Akaokota upondo, akavusha.

Katikati, penye mkondo, upondo uligonga kitu kigumu mahali ambapo zamani haukuwa ukifika chini. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia. Vijana wakalisukuma lile jiwe nje kwa pamoja, na mtumbwi ukalifuata, ukapinduka. Bi Mahfudha aling'ang'ania ubavu wa mtumbwi. Vijana waliogelea. Mzee Jilo hakuonekana.

Buya akapiga mbizi. Alimkuta mzee chini, shuka lake limebanwa na lile jiwe, na alipopapasa ili alinasue, vidole vyake vilipita juu ya ua lililochongwa, kisha nyota, kisha ua jingine, mawe juu ya mawe, yote aliyokuwa ameamuru yatupwe. Alilichana shuka, akamwinua mzee, akataka kuogelea. Hakuwa na haja. Miguu yake ilikuwa imekanyaga. Katikati ya Mto Garsu, mahali palipokuwa na kina kuliko pote, Buya alisimama wima, maji yakimfika kifuani, mzee akikohoa begani mwake.

Msimu ule mto ulipofura, ulikuta njia imezibwa. Ulisukuma, ukashindwa, ukageuka kusini. Ulichimba mchanga nyuma ya magofu, ukayazunguka, ukarudi kwenye njia yake ya zamani mbali chini ya mji. Asubuhi watu wa Daribo walitoka nje wakakuta mbele ya mashamba yao korongo la matope, samaki wakirukaruka.

Mzee Jilo aliita mkutano, akasema wageni ndio waliouharibu mji. Wengi wakakubali. Wakamtazama Buya, maana kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwalaani wageni, ni yeye.

"Wao waliokota," Buya alisema. "Aliyewaambia watupe ni mimi. Na mke wangu aliponiambia, sikumsikia."

Akamgeukia Hadulu, akitaka kusema zaidi. Hadulu alikuwa na jembe begani.

"Haya, tumesikia," alisema. "Sasa njoo tung'oe migomba kabla jua halijaimaliza."

Walichimba machipukizi ya migomba kutwa ile, wakayabeba mpaka kwenye ukingo mpya wa mto, ng'ambo ya magofu. Wengine waliwafuata na ya kwao. Mzee Jilo naye alibeba. Mji wote ukahamia huko, ukaanza tena kwenye udongo ambao haukuwa na tope jeusi, na ilichukua miaka mingi kabla ndizi za Daribo hazijawa tamu kama za zamani.

Na tangu siku hiyo Mto Garsu hufika Magofuni, ukayazunguka pande tatu, ndipo ukaendelea na safari yake. Wageni bado wanakuja kupanda mtumbwi na kuyatazama magofu. Lakini mvushaji wa Daribo hampakizi mgeni anayetoka huko mpaka kwanza afungue viganja, akung'ute shuka na avue viatu. Wengine hununa. Wengine husema ni kijiwe kimoja tu.  Mvushaji huweka upondo wake chini, huketi ukingoni akitazama maji, na hainuki mpaka mkono ufunguke.