Filimbi Ng'ambo ya Mto

Mtu mwenye kijicho hakosi sababu. Akikosa ya kwake ataazima ya jirani. Masalu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji cha Mwabuliga, aliiazima ng'ambo ya mto, katika kijiji cha watu wengine.

Huko ndiko alikokaa Maganga. Jamani, Masalu alivyomwonea wivu mtu yule! Ng'ombe wa Maganga waling'aa kama waliopakwa samli. Mnadani Kahama watu walimwamkia Maganga kwanza, "Mwangaluka, baba!", ndipo wakamkumbuka Masalu. Zaidi ya yote, Maganga alisimamia lambo. Mto ulikuwa umegeuka tope tupu kwa sababu ya waosha dhahabu wa huko juu, na kila kiangazi ng'ombe wa vijiji vyote viwili walinywa katika lambo lile, bure, kwa hisani tu. Hisani hiyo ndiyo iliyomkereketa Masalu. Kila ng'ombe wake alipoinamisha kichwa kunywa, yeye alijiona ameinama pamoja naye.

Mwaka huo Maganga akagombana na mdogo wake, Magesa. Lambo lilichimbwa na marehemu baba yao, na Magesa alidai naye apewe zamu ya kulisimamia. Matusi yakarushwa, fimbo zikainuliwa. Masalu aliposikia, moyo wake ulicheza ngoma.

"Tunakwenda kuleta amani," aliwatangazia wenzake.

Mkewe, Scolastika, aliacha kupepeta mchele. "Baba Nelly, wale wamenyonya ziwa moja. Wewe na ugomvi wao wapi na wapi?"

"Magesa anaonewa!"

"Magesa umeanza kumpenda lini? Sema tu lambo la Maganga linakunyima usingizi."

Masalu alijifanya hakusikia. Sungusungu wa pande zile walikuwa na mwiko: filimbi ya kijiji hailii ng'ambo ya mto mpaka wenyeji waite. Hakuna aliyeita. Masalu akavuka na watu thelathini, pinde mikononi, akapuliza filimbi mlangoni kwa Maganga na kumfukuza mzee wa watu lamboni mbele ya wanawe. Kisha akamkabidhi Magesa lambo, akamwachia pinde kumi za kuwagawia vijana wake na filimbi yake mwenyewe.

"Kaka yako akileta ubishi, puliza," alimwambia. "Usimwogope mtu."

Kwa wiki mbili Masalu alitembea kifua mbele. Kumwona Maganga akiomba maji kwa mdogo wake kulimshibisha kuliko ugali.

Kumbe Magesa hakuwa na raha. Alitaka zamu, hakutaka kaka yake aaibishwe na watu wa kijiji kingine. Asubuhi moja aliongoza dume jeupe hadi kwa Maganga, akapiga magoti. Wakachinja, wakala nyama, wakagawana zamu. Ndipo wakaulizana: ni nani aliyeleta pinde hapa kwetu?

Oktoba jua liliunguza hata miiba. Masalu aliswaga ng'ombe wake ishirini na watatu, ndimi nje, hadi lamboni. Alipomwona Magesa ukingoni, alichangamka.

"Ndugu yangu! Tumekuja kunywa."

"Ndugu yangu ni yule pale," Magesa alisema, akimwonyesha Maganga aliyekuwa akinywesha upande wa pili. "Wewe ni mgeni uliyeingia kwetu na silaha."

"Magesa! Mimi niliyekusaidia?"

"Ulinisaidia kumdhalilisha mtoto wa mama yangu. Rudisha ng'ombe wako, mzee."

"Watakufa!"

Magesa akatia filimbi mdomoni. Masalu aliitambua, maana kamba yake ya ngozi aliisuka mwenyewe. Watu walitoka mbio kila kaya, na pinde kumi zilizotangulia zilikuwa zile zile alizozileta.

Ng'ombe tisa walilala njiani, hawakuinuka tena. Waliobaki aliwauza Kahama kwa bei ya kutupa. Majirani zake, ambao mifugo yao nayo ilinyimwa maji kwa sababu yake, wakaacha kumwamkia kabisa.

Scolastika hakumgombeza. Alichukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta tangu ugomvi ule uanze, akamwekea mkononi.

"Shamba letu bado liko pale pale, Baba Nelly."

Masalu alilitazama jembe lile, machozi yakimlengalenga. Ndilo angelishika tangu mwanzo, kwani ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.