Tundu la Bwana Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Nyinyi wa nyuma mnasinzia. Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Nyumba.
Nzima?
Inavuja.
Haya, sogeeni upande huu, huko panadondoka. Niwape habari zake.

Hapo kale, kando ya mto, Bwana Kiboko alikuwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha. Aliijenga kwa udongo na makuti, na kwa kuwa alijipima mwenyewe, milango ilikuwa mipana na kila chumba kilikuwa kikubwa kama zizi. Chumba cha mwisho alikipanga Mama Kindi, mjane mdogo mwenye mkia mkubwa, pamoja na wanawe wawili, Chepe na Msusi. Kodi yake ilikuwa kapu la karanga kila mwezi ukiandama.

Kiboko alikuwa na tabia moja. Kila jioni akitoka mtoni alijikuna mgongo kwenye pembe ya nyumba, palepale kwa Mama Kindi. Kwaru, kwaru, kwaru. Nyumba inatikisika, Mama Kindi anakimbilia vyungu. Kwaru, kwaru, kwaru. Jioni moja boriti ikalia kaa, makuti yakashuka shwaa, paa likatoboka. Tundu lenyewe lilikuwa katikati ya chumba, na upana wake kama sinia la pilau ya harusi.

Mama Kindi akaenda mtoni. Kiboko alikuwa majini, pua tu ndizo zilizoonekana.

"Baba mwenye nyumba, paa limebomoka."

"Nimesikia."

"Naomba utengeneze. Mvua ikinyesha maji yanaingia."

"Yanaingia mpaka wapi?"

"Mpaka kitandani."

Kiboko akatoa kichwa chote majini, macho yamemtoka. "Mpaka kitandani? Na umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kulalamika."

"Sikiliza, mama. Nilikupangisha nyumba kavu. Sasa ina maji, tena yanakufuata ulipolala. Nyumba ikiongezewa kitu kizuri, kodi inapanda. Mwezi ukiandama, lete makapu mawili."

Wala hakuwa akitania, jamani. Kiboko amezaliwa majini, amenyonya majini, analala majini. Kwamba kuna kiumbe asiyependa kulowa, hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja.

"Nisipoyapata?" Mama Kindi akauliza.

"Utahama. Chumba kina wanaokiulizia."

Masika yakaanza. To, to, to, halafu chururu. Mama Kindi aliwalaza watoto pembeni, kwenye kipande kilichobaki kikavu, yeye akakaa kati yao na mvua. Karanga zilizokuwa kapuni zikaanza kuota. Msusi akaanza kukohoa. Kukipambazuka anakohoa, jua likizama anakohoa. Kuhama masika na mtoto wa namna hiyo, wataenda wapi? Mama Kindi alilijua jibu, na lilimtia baridi kuliko mvua yenyewe.

Basi siku moja, saa sita mchana, mvua ikakata ghafla. Mawingu yakaachana, na jua likaingia kwa lile tundu.

Lilishuka wima kutoka mbinguni mpaka sakafuni, nguzo nzima ya dhahabu, na moshi wa jiko ukaingia ndani yake ukawa unapanda polepole huku ukijizungusha. Kila chembe ya vumbi ilionekana, na kila chembe iling'aa. Chumba kilichokuwa kinanuka ukungu kikawa kimya kama msikiti asubuhi. Chepe akamshika mama yake mkia.

"Mama," akanong'ona, "huyu ni nani?"

 Mama Kindi alikuwa amelilaani tundu lile kila siku, na sasa alijikuta amepiga magoti mbele yake. Msusi akanyoosha mkono, vidole vikageuka vyekundu, mwanga unapita ndani yake. Hakukohoa. Hakuna aliyekumbuka kodi.

Halafu blanketi la Msusi, lililokuwa limelala palepale chini ya nguzo, likaanza kutoa mvuke. Mama Kindi akaligusa. Lilikuwa moto. Akaliangalia blanketi, akaangalia upande wa mto, akaifikiria ngozi ambayo haijawahi kukauka tangu izaliwe. Akatabasamu.

Kesho yake akafagia, akatandika mikeka kuzunguka pale mahali, akawaita majirani. Wakaja. Digidigi akaja, Kanga akaja, Nungunungu akaja na miiba yake ameilaza kwa heshima. Saa sita ilipofika, nguzo ikashuka, na wote wakainua vichwa wakatazama juu. Walipotoka, kila mmoja aliacha karanga kidogo mlangoni, hakuna aliyeombwa. Walitoka wakinong'ona, na minong'ono ikafika mtoni: kwa Mama Kindi kuna mgeni wa dhahabu, na watu wanamtunza.

Siku ya tatu yake ardhi ikatikisika. Bwata, bwata, bwata. Kiboko akajaza mlango. Alikuja na maneno mengi mdomoni, lakini alipoiona ile nguzo yakamwishia. Alisimama mdomo wazi, mdogo kwa mara ya kwanza maishani. Nami namsamehe hapo, kwa sababu hata ningekuwa mimi ningesimama vilevile.

Kisha akaziona karanga mlangoni.

"Kitu hiki cha nani?"

"Sijui, baba. Mimi mpangaji tu," Mama Kindi akasema. "Nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Ukuta wa nani?"

"Wangu."

"Paa la nani?"

"Langu."

"Na tundu?"

"Langu pia. Tundu ni langu, na kila kilicho chini ya tundu ni changu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku lilipotoboka."

"Basi hayo ukayaseme mbele ya mjumbe," Mama Kindi akasema, ameinama kwa adabu.

Mjumbe wa mtaa ule alikuwa Mzee Kobe. Walimchagua yeye kwa kuwa ndiye pekee asiyepanga wala kupangisha. Na desturi yao ilikuwa hii: ukidai kitu ni chako, unakikalia mbele ya mjumbe, unasema maneno yako, mjumbe anayapima, akiridhika anagonga gamba lake ko, ko, ko. Ukiinuka kabla hajagonga, umekiacha.

Kobe akaitwa. Kobe akafika, na mjue alifika kesho yake. Saa sita, nguzo iliposhuka, Kiboko akaingia akaketi katikati yake, bwa. Dhahabu ikammwagikia mgongo mzima. Majirani wakaguna kwa mshangao, maana alipendeza kama mfalme.

"Tundu ni langu," akasema, "na kila kilicho chini yake, tangu siku lilipotoboka."

"Umesema tundu," Kobe akasema.

"Nimesema."

Kobe akafikiri. Jua likawaka.

"Na umesema kila kilicho chini yake."

"Nimesema, mzee. Gonga."

Kobe akavuta shingo ndani, akafikiria humohumo. Jua likawaka. Mgongo wa Kiboko ukakauka, ukakakamaa, ukaanza kulia kacha, kacha. Jasho jekundu likamtoka. Mto ulikuwa palepale nje, anausikia unavyopita, na mtaa mzima unamtazama. Hakuinuka. Alikuwa mroho, lakini hakuwa mwoga.

Shingo ikatoka. "Tangu siku lilipotoboka," Kobe akasema. Ko. Ko. Ko.

Kiboko akaruka kuelekea mlangoni. Mama Kindi alikuwa amesimama mlangoni, mwili wake wote haufiki goti la Kiboko.

"Neno moja, mzee mjumbe. Katikati ya chumba changu pamekaliwa na nani?"

"Na Bwana Kiboko. Nimegonga."

"Tangu lini?"

"Tangu siku lilipotoboka."

"Na anayekalia chumba hufanya nini?"

Kobe hakuhitaji kufikiri. Mtaa mzima ulimjibia: "Hulipa kodi."

"Basi mimi nalipia pembe ninayolala na wanangu," Mama Kindi akasema. "Katikati utalipa wewe, baba. Karanga nilizokulipia za hapo tangu paa litoboke, nirudishie. Na kapu la pili silijui."

"Na nikiliziba tundu?" Kiboko akauliza, anapumua kwa shida.

"Tundu lako, makuti yako, fundi wako. Siku likizibwa, nalipa kapu langu zima bila kusukumwa."

Kiboko akatazama juu, jua likamtazama na yeye. "Mwiteni Mnana," akasema. "Leo hii. Sasa tupishane."

Mama Kindi akampisha. Puuu. Mto ukapanda mpaka kizingitini, ukarudi.

Mnana, ndege fundi wa kufuma viota, akalisuka paa upya mpaka jioni. Alipobakiza kidogo, Mama Kindi akapanda akamnong'oneza. Mnana akacheka, akaacha kijitundu cha punje moja ya karanga. Mama Kindi akashuka, akaketi chini yake na mkia wake wote, akasema ni chake, na Kobe, aliyekuwa bado anajiandaa kuondoka, akagonga papo hapo.

Msusi akapona. Na kila siku saa sita mchana uzi mwembamba wa dhahabu hushuka mpaka sakafuni, na wale watoto hunyamaza wenyewe. Kila mwezi ukiandama Kiboko huja kuchukua kapu, husimama nje ya mlango, huuangalia ule uzi, na kabla ya kutaja karanga huuliza, "Paa linaendeleaje, mama?"

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeingia kavu atoke kavu, aliyelowa anilaumu mimi.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mpangaji mwema hanung'uniki. Paa likibomoka, nyamaza. Maji yakikufikia kitandani, mshukuru mwenye nyumba, na akipandisha kodi umwongeze na ya kwako juu. Hivyo ndivyo ninavyofundishwa na mwenye nyumba wangu, yule pale nyuma, aliyekuja kusikiliza bila kukaribishwa.

Karibu, bwana. Ila kesho upite saa sita mchana, mvua ikikata. Hapo katikati ya chumba pana kitu kizuri sana, nataka ukikalie.