Kinywa cha Kisogoni

Paukwa!

Pakawa!

Kunjeni miguu, mkeka ni mdogo!

Tumekunja!

Basi, huko Kivumoni palikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Somoe, akiishi na binti yake Chausiku. Siku moja akaja mgeni mrefu, mcheshi, kilemba kikubwa kichwani. Akawagawia watu miwa, nao wakampa nyumba.

Kumbe ni zimwi! Chini ya kilemba, kisogoni, lilikuwa na kinywa cha pili, kidogo kama tundu la sindano.

Siku moja, mchana kweupe, mgeni akamnyang'anya mzee kipofu mbuzi wake. Majirani wakaona. Somoe akaona.

"Huenda ana sababu zake," majirani wakasema. "Sisi ni nani hata tumhukumu?"

Somoe akainamia udongo wake. Kinywa kikapanuka, kikawa kama shimo la panya.

Siku nyingine mgeni akamvunja mkono mrina asali aliyemnyima mzinga.

"Hatujui walianzaje," wakasema. "Sisi ni nani hata tumhukumu?"

Somoe akafunga dirisha. Kinywa kikaota meno.

Basi, siku ya tatu mgeni akamkamata Chausiku kisimani. Somoe akatoka mbio, mikono imejaa udongo.

"Mwache mwanangu! Unalofanya ni uovu!"

Zimwi likayumba. Kilemba kikaanguka, watu wote wakakiona kile kinywa, nacho kikaanza kujifumba. Somoe akawageukia majirani.

"Ndugu zangu, mnaona wenyewe! Semeni na mimi!"

Wakatazamana. Jumbe wao akakohoa.

"Bi Somoe, tumesikia upande wako tu. Huenda mtoto alimtukana. Sisi ni nani hata tumhukumu?"

Papo hapo kinywa kikafunguka, kipana kama mlango. Zimwi likammeza Chausiku mzima mzima.

"Kinywa changu kilipokuwa kidogo, sauti yako moja ingenifukuza," likamwambia Somoe. "Sasa nimenona."

Siku ile ile likamla jumbe. Kesho yake likala nyumba ya pili, kisha ya tatu, na kila nyumba ikasema hayo ni ya jirani. Kivumoni pakabaki majivu ya mekoni na vyungu.

Somoe akakimbilia kwa kaka yake, mji wa mbali. Hata huko, siku moja akamwona mwanamume akimpiga mjane teke sokoni.

"Umekosa!" akamwambia mbele ya watu.

Watu wakacheka. "Mgeni huyu ana domo!"

Hakuna aliyesimama naye. Akarudi ndani, akalia peke yake. Kulipokucha akatoka tena kwenda sokoni.

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu zangu, na sina tamu ya kuwaongezea. Ukiona mtu anatenda ubaya, pima kwa akili yako, kisha uite ubaya, mapema, hata kama hakuna atakayekuitikia.