Kifungo Ndani ya Mkasi

Haya, sogeeni, na anayesinzia akanawe uso! Hii ni kesi, na mwishoni hukumu nitaitaka kwenu.

Korogwe aliishi fundi cherehani, Bi Mwantumu, na wanawe watatu walioshona pamoja naye. Mwanaidi alijaliwa mkono wa kuchora. Hemedi alijaliwa kuchezea umeme. Rukia, kitinda mimba, alijaliwa jicho lisilopitwa na kosa, na mdomo usiofungika.

Bi Mwantumu alikuwa na mkasi wa chuma aliourithi kwa mama yake. Hofu ya kuibiwa ikamkosesha raha. "Utieni alama," akawaambia, "alama isiyofutika."

Mwanaidi akalegeza parafujo, akautenganisha mkasi, akapaka rangi ya kucha upande wa ndani ambako mwizi hatazami. Ilipokauka, akakwaruza kwa sindano kifungo chenye matundu manne. Bila yeye, pasingekuwa na mchoro.

Hemedi akaleta betri ya pikipiki, nyaya mbili, na pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi. "Umeme utakula chuma pale penye mkwaruzo," akasema. Waya mmoja akaubana kwenye mkasi, wa pili kwenye pamba, akaikandamiza juu ya mchoro. Bila yeye, mchoro ungebaki rangi tu.

Lakini wapi! Povu likatoka, alama haikutoka. Hemedi akaongeza chumvi, mama akasonya.

"Kaka, umegeuza nyaya," Rukia akadakia. "Chanya ikae kwenye mkasi."

"Hebu nyamaza wewe!"

"Jaribu basi. Utapungukiwa nini?"

Akajaribu. Pamba ikachafuka, na rangi ya kucha ilipofutwa, kifungo kilikuwa kimezama ndani ya chuma.

Mwaka haukuisha, mkasi ukaibwa kweli. Bi Mwantumu hakula, hakulala. "Wallahi," akaapa mbele ya wanawe, "ukirudi, siku hiyohiyo namkabidhi aliyeurudisha, na meza ya kukatia iwe yake. Macho yangu yamechoka."

Asubuhi moja akauona gulioni, umepigwa msasa kwa nje, vishikio vimepakwa rangi nyekundu.

"Wako?" muuzaji akaruka. "Una jina humu?"

Bi Mwantumu akamgeukia mkuu wa gulio. "Legeza parafujo, baba, tazama ndani. Usipoona kifungo chenye matundu manne, mimi mwongo."

Wakalegeza. Kifungo hicho! Vigelegele vikapigwa, muuzaji akatoweka.

Sasa wako nyumbani, na Bi Mwantumu hatulii: alama ndiyo iliyourudisha mkasi, na alama ina wenyewe watatu. Anakaa, anasimama, anafungua mkasi, anaufunga. Atakayeshika meza ndiye atakayewaamuru wenzake.

"Mama, mchoro ni wangu," anasema Mwanaidi.

"Mchoro bila umeme ni urembo wa kucha," anajibu Hemedi.

"Na umeme wako ulitoa nini? Povu!" anacheka Rukia.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, wanangu."

"Sawa, mama," wanasema kwa pamoja. "Chawa keshavunjwa. Mkasi wa nani?"

Kisha kila mmoja anajifanya anatunga uzi kwenye sindano, na hakuna anayemtazama mwenzake. Jua linashuka, na kiapo ni cha leo. Mama wa watu anaogopa asije akapata mkasi akakosa wanawe.

Je, wewe ungemkabidhi nani?